Mgeni wa Ghorofa ya Nne

Mlango wa lebo ya muziki ulikuwa haugongwi. Wanamuziki waliusukuma kwa bega, kwa goti, kwa sanduku la gitaa, na wakishaingia ndipo wanauliza kama kuna mtu. Kwa hiyo asubuhi ile, saa nne kasoro, uliposikika mgongo wa kidole ukigonga mara tatu kwa adabu, Bi Sikio alijua kwamba aliyeko nje si mtu wa muziki.

"Karibu!" aliita bila kuvua hedifoni.

Aliingia mama wa miaka sitini na kidogo, kitambaa cha kichwa kimefungwa kikakazwa, mkoba mweusi kaukumbatia kifuani. Alikuwa akihema.

"Shikamoo mama. Jamani, lifti imeharibika tena?"

"Marahaba. Haijaharibika. Mimi lifti siipandi. Namjua anayeitengeneza."

Bi Sikio alitaka kucheka, kisha maneno yakamwingia vizuri. Akavua hedifoni polepole.

"Ndiyo," alisema yule mama. "Mimi ni mama yake Fundi. Na wewe bila shaka ndiye huyo Bi Sikio."

Miezi minane Bi Sikio alikuwa akiuwazia mkutano huu. Katika mawazo yake alikuwa amevaa gauni lake la buluu, nywele zimesukwa, nyumba inanukia. Leo alikuwa na fulana iliyochujuka, nywele kazibana kwa penseli, na mezani kikombe cha chai ya jana. Alisimama haraka, akaondoa rundo la nyaya kwenye kiti kizuri.

"Keti mama. Nikuletee chai? Maji?"

"Sikuja kunywa chai." Lakini alikaa, maana ngazi zilikuwa zimemchosha.

Macho yake yalizunguka chumba. Aliona kuta zilizobandikwa vipande vya godoro ili sauti isitoke, spika mbili kubwa zinazofika kifuani kwa mtu, kompyuta, maikrofoni iliyovishwa soksi, na ubao wenye majina kumi na moja yaliyoandikwa kwa chaki, yakafutwa, yakaandikwa tena.

Hayo majina kumi na moja ndiyo yaliyomnyima Bi Sikio usingizi kwa mwaka mzima. Lebo ilikuwa yake, haikuwa na kampuni nyuma yake wala mfadhili. Ilikuwa na yeye, chumba hiki, na masikio yaliyowafanya wanamuziki wampe jina hilo. Sasa alikuwa anatoa santuri yake ya kwanza, mkusanyiko wa nyimbo za watu ambao redio haikuwahi kuwauliza hali. Kulikuwa na hip hop ya Mapacha, mabinti wawili wasusi wa saluni ya chini. Kulikuwa na fanki ya mafundi magari watano waliofanya mazoezi ndani ya gereji baada ya kazi, wakishindana na kelele za injini. Na kulikuwa na muziki wa elektroniki wa kijana mmoja aliyekuja kutengeneza lifti ya jengo.

Siku hiyo ya lifti, Bi Sikio alikuwa akipunguza besi ya wimbo kidogo kidogo, saa nzima, kazi ambayo hakuna anayeiona. Mlango ukafunguka. Kijana mwenye ovaroli na kofia ngumu akasimama hapo, mkono mmoja una spana.

"Samahani dada. Hiyo besi umeipunguza sasa hivi, au ni masikio yangu?"

"Nimeipunguza."

"Umefanya vizuri. Ilikuwa inamkanyaga mwimbaji."

Akaenda zake kumalizia lifti. Bi Sikio alikaa dakika nzima mkono uko juu ya kitufe, hajui alichokuwa akifanya.

"Nitasema moja kwa moja," mama alisema sasa, "maana mimi si mtu wa kuzunguka. Una miaka mingapi?"

"Thelathini na tano."

"Mwanangu ana ishirini na tisa."

"Najua, mama."

"Na umeshawahi kuolewa."

"Niliolewa. Tuliachana, miaka minne sasa."

"Watoto?"

"Sikujaliwa."

Mama alitikisa kichwa kidogo kwa kila jibu, bila kukunja uso wala kuukunjua. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na sita. Kuuliza maswali kama hayo kulikuwa mkate wake.

"Basi sikia. Sikuja kukutukana, na sina ugomvi na kazi yako. Nimekuja kukuomba umwachie mwanangu."

Bi Sikio alihisi shingo ikipata moto. "Nimwachie aende wapi?"

"Usijifanye hujui."

"Mama, sijui."

Mama alifungua mkoba, akatoa barua iliyokunjwa mara nne. Kampuni ya lifti ilikuwa imechagua mafundi watatu kati ya arobaini. Mafunzo ya miaka miwili nje ya nchi, na wakirudi wanakuwa wakufunzi. Jina la Fundi lilikuwa la kwanza. Mwisho wa kujibu ulikuwa leo, saa kumi jioni.

"Jana ameniambia haendi," mama alisema. "Nikamuuliza, una wazimu? Akaniambia, mama, nina mtu."

Bi Sikio aliisoma barua mara mbili. Mara ya pili aliangalia tarehe. Wiki tatu. Wiki tatu Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti hikihiki alichokalia mama yake, wakibishana kuhusu nyimbo, wakila karanga kwenye karatasi moja, na hakusema neno.

"Hakuniambia," alisema, na sauti yake mwenyewe aliiona ndogo.

Mama alimwangalia kwa muda. Alikuwa amewatazama wanawake wengi usoni, akajua nani anaumwa kweli na nani anaogopa tu. Alipomaliza kumwangalia huyu, mkono wake ulilegea juu ya mkoba.

"Kweli hukujua."

"Wallahi sikujua."

Bi Sikio alichukua simu. "Uko wapi?"

"Jengo la pili hapo," sauti ya Fundi ilijibu kwa furaha, "niko juu ya lifti, yaani juu yake kabisa, wewe vipi, umeshaamua wimbo gani..."

"Shuka. Njoo hapa. Mama yako yupo."

Kitu cha chuma kilisikika kikidondoka mbali sana.

"Nakuja," alisema.

Wakabaki wawili. Mama aligeuka tena akauangalia ubao, kwa jicho la mtu asiyetaka ionekane anauliza.

"Hayo uliyoandika ni nini?"

"Nyimbo za santuri. Saa sita nazituma kiwandani, na bado sijajua wimbo upi ufuate upi."

"Si unaziweka tu?"

"Hapana mama. Mtu akimaliza kusikiliza mmoja, wa pili unamkuta ana moyo fulani. Ukikosea, unamkimbiza." Alisita. "Nikusikilizishe kidogo? Tunamngoja tu."

Mama aliuweka mkoba magotini.

Bi Sikio aliweka Mapacha. Mabinti wale walirap wakipokezana, kila mmoja akimalizia sentensi ya mwenzake, kuhusu mteja aliyelala kitini mdomo wazi huku akisukwa, na siri zote alizozitoa usingizini. Mama alibana midomo. Pale mteja alipomtaja mume wa jirani, kicheko kilimtoka puani ambacho hakuwa amekiruhusu.

"Wana adabu hawa?" aliuliza.

"Hawana hata kidogo."

"Nimeona."

Ukafuata wa gereji. Gitaa la besi liliingia peke yake, likanyata, tarumbeta zikaitikia, na kiatu cheusi cha mama kikaanza kupiga sakafu. Bi Sikio alijifanya anaangalia kompyuta. Hilo ndilo alilopenda katika kazi hii kuliko chochote: kumwona mtu mwili wake ukikubali kabla yeye hajakubali.

Kisha bila kusema ni wa nani, akaweka wimbo wa tatu.

Ulianza na mvumo mzito wa kamba za lifti zikivuta. Mlango wa lifti ukafunguka, ukajifunga. Chini kabisa, laini na haraka, ukaingia mdundo mdogo usiochoka, na juu yake sauti za kinanda cha umeme zikaanza kupanda moja moja.

Mama alinyoosha kiganja. "Simamisha. Rudisha nyuma."

Bi Sikio akarudisha. Mama alitazama saa yake ya mkononi, midomo ikihesabu.

"Mia moja arobaini," alisema.

"Mia moja arobaini kwa dakika, ndivyo hasa. Umejuaje?"

"Huo ni moyo wa mtoto aliye tumboni. Mzima, hana tatizo." Mama aliendelea kuitazama saa ingawa hakuwa akihesabu tena. "Nilikuwa nafundisha wakunga wanafunzi nyumbani, siku za Jumamosi. Nawapigia mezani kwa vidole: huu ni mzima, huu umechoka, huu kimbia umwite daktari. Mwanangu alikuwa chini ya meza hiyohiyo na magari yake. Nilidhani anacheza." Akainua macho. "Ni wake huu?"

"Ni wake."

"Hajawahi kunipigia."

"Anakuogopa, mama. Anasema ukiambiwa mtoto wako anacheza na kompyuta utaona amepotea."

"Ningeona hivyo," alikiri mama.

"Mimi nimesikiliza watu wengi katika chumba hiki," Bi Sikio alisema, na sasa hakuweza kuficha. "Wengi wana vipaji kunishinda mimi mara kumi. Lakini karibu wote wakiingia hapa wanataka wasikike. Huyu aliingia anasikia. Anajua lifti inaumwa wapi kwa mlio wake. Anajua mimi nimechoka kabla sijajua. Namheshimu, mama. Kupenda kulikuja baadaye, kukakuta heshima imeshakaa."

Mama alifunga mkoba, akaufungua, akaufunga. Mwisho akanyoosha kidole kwenye ubao.

"Huo wa moyo usiuweke nyuma ya wale wa tarumbeta. Mtu hajapumua bado. Uweke baada ya mabinti, mtu akiwa ametoka kucheka. Mtu aliyecheka analegea."

Bi Sikio aliinuka, akafuta, akaandika. Akajaribu. Kicheko cha Mapacha kilififia, mvumo wa lifti ukainuka kutoka ndani yake, na vinyweleo vya mkono wake vikasimama. Wiki mbili nzima alikuwa akilitafuta hilo.

Mlango ulisukumwa kwa bega.

Fundi alikuwa amekuja mbio. Kofia ngumu bado ilikuwa kichwani, grisi shavuni. Alimtazama Bi Sikio kwanza, kabla ya mama, kabla ya kitu chochote, na lile jicho lake lililozoea kumpumzisha kila jioni leo lilikuja likiomba. Bi Sikio alilipokea, kisha akalikwepa. Mama aliyaona yote mawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na usinifanyie upole."

Bi Sikio aliinua barua. "Hii ni nini?"

"Ni barua."

"Naona ni barua, kusoma najua. Nauliza ilikuwa wapi wiki tatu."

"Nilitaka nikwambie baada ya santuri kutoka. Ulikuwa na mambo mengi."

"Yaani baada ya leo saa kumi. Ikiwa imeshakwisha."

Fundi alivuta pumzi. "Nimeamua. Nimekuchagua wewe. Kuna kosa gani? Wanawake wengine wangefurahi."

"Hapo umeharibu," mama alisema taratibu kutoka kitini.

Bi Sikio aliiweka barua mezani, akainyoosha mikunjo yake mmoja mmoja. Alipoanza kusema hakupaza sauti.

"Sijawahi kukwambia kwa nini niliachana na yule. Ulidhani alikuwa ananipiga, au alikuwa na wanawake. Hapana. Alikuwa mtu mzuri. Kabla hatujaoana alipewa ukuu wa tawi la kampuni yao, mji mwingine, akaukataa kwa sababu mimi nilikuwa nasoma mambo ya sauti hapa. Hakuniuliza. Hakunieleza. Nilikuja kujua baada ya harusi, siku chakula kilipozidi chumvi. 'Niliacha kazi ile kwa ajili yako, na chumvi ndiyo hii.' Miaka mitano, Fundi. Nikichelewa kurudi, kazi ile. Nikicheka na mtu, kazi ile. Akiumwa kichwa, kazi ile. Sikumwomba aache chochote, lakini nilikuwa na hatia kila asubuhi nikiamka."

Vile vipande vya godoro ukutani vilikuwa vinameza hata pumzi.

"Mimi si yeye," alisema Fundi.

"Najua. Yeye sikuwahi kumlilia." Alijifuta kwa mgongo wa mkono. "Lakini sitapendwa hivyo tena. Heri nibaki na spika zangu."

"Kwa hiyo unanifukuza."

"Sikufukuzi! Nakwambia useme kweli. Hukukataa kwa ajili yangu. Ulikataa kwa ajili ya nini?"

Fundi alitazama viatu vyake. Alipoongea, ilikuwa sauti ambayo mama yake hakuwa ameisikia tangu akiwa mtoto wa shule.

"Naogopa. Miaka miwili ni mingi. Hapa wanaingia watu kila siku, watu wa maneno, watu wa sauti nzuri, wanakufanya ucheke. Mimi nina bisibisi. Nilisema nikiondoka, baada ya miezi mitatu utakuwa unauliza, yule wa lifti alikuwa anaitwa nani vile?"

Bi Sikio alicheka huku bado analia, kicheko kibaya kisichopangika.

"We mjinga," alisema. "Miaka kumi nimefanya kazi hii. Watu wanasifu wimbo, wanasifu mwimbaji, wanasifu hata picha ya jalada. Mtu mmoja tu aliwahi kunisifu kwa kitu nilichokipunguza. Nitakusahau vipi?"

Fundi aliinua macho. Wakatazamana, na safari hii hakuna aliyekwepa. Mtu wa tatu angeona aibu kuwepo, lakini mama alikuwa ameshaona watu katika hali za aibu kuliko hiyo, akabaki palepale.

"Mama," Fundi alisema, bila kugeuka.

"Mimi usiniite. Nimepanda ngazi zote zile kuja kumtoa huyu kwako, na sasa niko upande wake. Malizeni wenyewe."

Fundi alifuta viganja kwenye ovaroli. "Nikienda... utaningoja?"

Bi Sikio alifungua mdomo, ila mama alimtangulia.

"Si swali hilo! Unamfanya mtu kituo cha basi? Uliza kama mtu aliyelelewa."

Fundi alivua kofia ngumu. Nywele zilikuwa zimelala upande mmoja kwa jasho. Aliishika kofia kwa mikono miwili, mbele ya tumbo, akasogea hatua moja.

"Nataka kukuoa," alisema. "Ningekuja na watu, ningevaa vizuri, lakini saa kumi haitaningoja. Nikienda nataka niende nikiwa wako, na nikirudi nirudi kwako. Nimekuficha barua, nimekosa, sitarudia. Kila kitu changu nitakuuliza kwanza. Nianze na hili. Unakubali?"

Bi Sikio alimtazama kwa muda mrefu: grisi, jasho, vidole vilivyozunguka ukingo wa kofia. Kisha akatazama saa ya ukutani.

"Saa sita kasoro dakika tano," alisema. "Ngoja."

Akageukia kompyuta. Nyimbo kumi na moja zilikuwa zimejipanga, Mapacha, kisha Fundi, kisha wengine, mpaka wale wa gereji waliofunga orodha. Aliusikiliza mwanzo mara moja tena, mwisho mara moja tena, akabonyeza, na kazi ya mwaka ikaondoka kwenda kiwandani kwa sauti ndogo ya mlio mmoja. Hakuna aliyepiga makofi. Mama tu alisema, "Hongera, mwanangu," na Bi Sikio ilibidi ashike meza.

"Haya," alisema, akichomoa penseli nywelani. "Twende huko ofisini kwenu."

"Hujanijibu," Fundi alisema.

"Nimesema twende."

Wakashuka ngazi watatu, mama katikati, mkono mmoja kwa huyu na mwingine kwa yule. Njia nzima Fundi alikuwa akimchungulia Bi Sikio kwa juu ya kitambaa cha mama yake, na Bi Sikio alikuwa akitazama mbele, akizibana pembe za mdomo.

Ofisini karani alikuwa mwanamke mwenye miwani na foleni ya watu tisa. Walisimama. Ilipofika zamu yao, alimsukumia Fundi fomu ya kurasa mbili bila kumwangalia, na Fundi akajaza kwa herufi kubwa: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kazini. Ukurasa wa pili akasimama.

"Wanataka mtu mmoja wa karibu," alisema. "Wa kupigiwa simu nikipatwa na jambo." Akaanza kuandika jina la mama yake.

"Acha," mama alisema. "Simu yangu iko chini kabisa mkobani siku zote, siisikii. Andika la mwenye masikio."

Fundi aliandika jina la Bi Sikio, lile la kwenye kitambulisho, taratibu, na namba yake ya simu aliyoijua kwa moyo. Mstari uliofuata ulikuwa na neno moja: *Uhusiano.* Palikuwa na nafasi ndogo ya kujaza.

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Fundi hakuthubutu kuandika lolote, wala kuinua kichwa.

"Kaka, kuna watu nyuma yako," karani alisema.

Bi Sikio alinyoosha mkono, akaichukua kalamu vidoleni mwake, akainama juu ya kaunta. Aliandika polepole, kama alivyofanya kila kitu alichotaka kidumu, kisha akaigeuza fomu upande wa karani.

Fundi alikuwa ameona. Alishika ukingo wa kaunta, akafunga macho.

"Ameandika nini?" mama aliuliza, akipapasa mkobani. "Sina miwani. Nyie, ameandika nini?"

Karani aliisogeza fomu karibu na macho. Kwa mara ya kwanza aliinua uso, akawatazama wote watatu, kijana wa grisi, mwanamke mwenye fulana iliyochujuka, na mama aliyekuwa amemshika mwanamke huyo mkono na hakuonyesha dalili ya kuuachia.

"Mchumba," alisoma kwa sauti. Akagonga muhuri. "Hongereni. Anayefuata!"